Vagoni ndogo, magurudumu ya kweli: nani anabeba mzigo?

Kila mwisho wa mwaka, kwenye soko za Uvira, kutoka Mulongwe mpaka Kavimvira, kati ya wanasesere na magari ya rangi, hakukosi treni moja mbili za plastiki: kichwa kimoja, vagoni tatu, na reli ya kuzunguka. Papa anayeshuka kutoka Misisi ao Kamituga na feza kidogo mfukoni ananunua moja, mtoto anafurahi, na nyuma ya juma mbili treni iko chini ya kitanda, vagoni moja haina tena gurudumu. Watoto wetu wengi hawajaona treni kubwa hata siku moja. Kwao treni ni ile ya kwenye filme na hii ya plastiki, basi.

Katika inchi nyingine kuna watu wazima wanaotengeneza treni ndogo kwa upendo, kama vile kwetu wengine wanavyopenda kufuga njiwa. Wakinunua vagoni mpya, mbele ya kugusa rangi, wanafanya kazi mbili. Wanatoa magurudumu ya plastiki, wanaweka ya chuma yenye umbo la kweli. Kisha wanakata ndoano ya kiwandani, wanaweka ile inayofanana na ya treni kubwa. Kwa nini waanze na vitu hivyo viwili ambavyo hata havionekani vizuri, viko chini ya vagoni?

Jibu lake linatuhusu sisi wa machimbo. Gurudumu linaonyesha vagoni inaweza kwenda wapi. Ndoano inaonyesha inaweza kwenda na nani. Na pale vagoni inaposhindwa kuendelea, mgongo wa mtu ndio unaoendelea na safari. Mwenye kuelewa vitu hivyo viwili ataelewa kwa nini gunia lake linakula feza nyingi njiani kabla ya kufika baharini, na kwa nini mufuko wa saruji unafika kwetu na bei ya juu.

Gurudumu linasema nini

Tazama gurudumu la treni kwa karibu. Si duara tu. Upande wa ndani lina ukingo unaoshuka chini kidogo kuliko kichwa cha reli, nao ndio unaozuia vagoni isitoke njiani. Sehemu inayokanyaga reli haiko sawa kabisa: imechongwa kwa mteremko mdogo, nene karibu na ukingo, nyembamba upande wa nje. Tena magurudumu mawili hayazunguki kila moja kivyake kama ya gari. Yamekazwa kwenye mhimili mmoja wa chuma, na yote matatu yanazunguka pamoja.

Kwenye kona, vagoni inasukumwa upande wa nje. Gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake iliyo nene, la ndani kwa sehemu iliyo nyembamba. La nje linaenda mbali zaidi kwa muzunguko mmoja, na vagoni inageuka yenyewe. Hakuna usukani, hakuna mtu wa kuigeuza. Ukingo uko pale kama mulinzi, kwa siku mambo yanapoharibika.

Sasa chukua treni ya plastiki. Tulipima moja kwa rula: gurudumu lina unene wa milimita 4 na ukingo wa milimita 2. Kama ingekuwa treni ya kweli ya Kalemie, ni kusema kila kitu tukizidishe mara 64, gurudumu lingekuwa na unene wa sentimita 25 hivi, karibu mara mbili ya lile la kweli, na ukingo wake ungekuwa sentimita 13, wakati wa kweli ni kama sentimita 3 tu. Kiwanda hakikukosea. Mtoto anasukuma treni kwa nguvu, reli ya plastiki imejipinda, kwa hiyo ukingo mkubwa unasaidia. Lakini treni kama hiyo inamdanganya mtoto. Inamwambia kwamba gurudumu lolote linaenda popote.

Hata mafundi wa Marekani walipitia hapo. Treni ndogo zao nyingi zinatembea juu ya reli yenye upana wa milimita 16,5, na kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kwa miaka mingi gurudumu la kawaida lilikuwa na unene wa milimita 2,8. Zidisha mara 87, unapata sentimita 24, wakati gurudumu la kweli huko kwao ni kama sentimita 14. Leo wengi wanatoa hilo na kuweka la milimita 2,2. Bado si kweli kabisa, lakini jicho linakubali. Wakali zaidi wanashuka mpaka milimita 1,6, na hapo reli yenyewe inabidi inyooshwe kwa uangalifu, juu gurudumu halisamehe tena.

Reli tatu, ziwa moja

Upana wa reli unapimwa kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili. Kuzunguka Ziwa Tanganyika kuna, ao kunakuja, aina tatu za upana huo.

Ya kwanza ni milimita 1000, mita moja kamili. Wajerumani waliijenga kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Ya pili ni milimita 1067. Ilipanda kutoka kusini mwa Afrika na kufika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka wa 1910. Ni hiyo iko Kalemie leo. Ya tatu ni milimita 1435, reli mpya ya umeme ya Tanzania. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, na mikataba ya kuifikisha Kigoma, tena kutoka Uvinza kuingia Burundi, imekwisha kutiwa sahihi.

Watu wengi hawajui kwamba kuna wakati Kalemie na Kigoma zilikuwa na reli ya upana mmoja. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka wa 1902 na feza za Baron Empain, ilijenga reli zake zote kwa upana wa mita moja: kwanza Stanleyville mpaka Ponthierville, leo Kisangani mpaka Ubundu, iliyofunguliwa mwaka wa 1906, kisha Kindu mpaka Kongolo, na mwaka wa 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, Albertville, leo Kalemie. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ilikuwa mita moja vilevile. Magurudumu ya pande zote mbili yalikuwa ndugu. Katikati palikuwa maji tu.

Kwenye Ziwa Victoria maji hayakushinda. Tangu miaka ya 1960 kuna meli zenye reli ndani ya tumbo lao, kama Umoja na Uhuru. Vagoni inaingia ndani ya meli na mzigo wake, inavuka, inatoka upande mwingine, inaendelea na safari. Iliwezekana kwa sababu Mwanza, Kisumu, Jinja na Port Bell zote zilikuwa na reli ya mita moja. Kwetu, mzigo ulitoka ndani ya vagoni, ukaingia ndani ya meli, ukatoka ndani ya meli, ukaingia ndani ya vagoni nyingine. Kila neno "ukatoka" na "ukaingia" ni mgongo wa mtu, ao mashine ya kunyanyua, na zote zinalipwa.

Milimita 67

Halafu ikaja mwaka wa 1955. Wabelgiji walitaka kuunganisha reli ya CFL na ile ya Katanga. Walikuwa wanajenga kipande kipya kati ya Kamina na Kabalo, ambacho kilifunguliwa mwaka wa 1956. Lakini Katanga ilikuwa 1067, na CFL ilikuwa 1000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne vya mutu mwembamba. Juu ya vidole hivyo vinne, hakuna vagoni hata moja ingeweza kupita Kabalo.

Basi wakapanua njia nzima, kutoka Kindu mpaka Albertville, karibu kilomita 700. Ukipanua reli, taruma linabaki fasi yake, chuma kinasogezwa na kukazwa upya. Lakini reli ni nusu ya kazi tu. Kila kichwa cha treni na kila vagoni inayopaswa kutembea juu yake inahitaji magurudumu ya upana mpya. Mafundi wa reli wanajua njia mbili kwa kazi kama hiyo: kusukuma magurudumu kwenye mhimili wao ili yaachane zaidi, milimita 33 na nusu kila upande, kama mhimili una urefu wa kutosha, ao kunyanyua vagoni, kutoa mihimili ya zamani na kuingiza mipya.

Ni kazi ileile ambayo mwenye treni ndogo anaifanya juu ya meza. Kwa kipimo cha 1 kwa 64, milimita 67 zinakuwa milimita moja tu, unene wa kucha.

Kutoka hapo, vagoni iliyopakiwa Kindu ao Kalemie iliweza kufika Lubumbashi bila kufunguliwa, na kutoka Lubumbashi reli ya upana uleule inaendelea mpaka Lobito na mpaka Afrika ya Kusini. Kwa machimbo ya kasiteriti ya Maniema, yenye reli yao Kindu, huo ulikuwa mlango mpya. Lakini mlango mwingine ulifungwa kidogo: Kalemie na Kigoma hazikuwa tena na gurudumu moja. Na kule kaskazini, kipande cha Ubundu mpaka Kisangani, kilomita 125, kilibaki na mita moja yake mpaka leo, peke yake kama kisiwa.

Fuata gunia moja kwenye njia ile ya zamani ya ndani ya inchi, kutoka Kindu mpaka bahari ya Matadi. Kindu linashuka kwenye treni, linaingia kwenye bato. Ubundu linatoka kwenye bato, linaingia kwenye treni. Kisangani linatoka kwenye treni, linaingia kwenye bato. Kinshasa linatoka kwenye bato, linaingia kwenye treni. Matadi linatoka kwenye treni, linaingia kwenye meli ya bahari. Fasi tano, na kila fasi gunia limenyanyuliwa, limehesabiwa, limelala usiku mmoja ao juma moja, pengine limepungua. Mutu wa Kamituga anayebeba gunia la mawe kutoka shimoni mpaka kwa mama watwangaji anajua vizuri: kila mkono unaoshika mzigo unaacha alama yake.

Na sisi wa Uvira tulikuwa na reli yetu. Wakati wa Wabelgiji treni ilikuwa inatembea ndani ya bonde la Ruzizi, kutoka Uvira kuelekea Kamanyola, pale milima inapoanza. Mbele kulikuwa milima mikali, kwa hiyo mizigo ya Bukavu iliendelea kwa magari. Reli hiyo ilikufa mbele ya uhuru wa 1960. Leo magari makubwa yanapita bonde lilelile, na gunia la kuvuka kwenda Kigoma linashuka kwenye gari pale Kalundu, linaingia kwenye bato kwa mabega ya vijana wetu.

Vidole na chuma

Tuje sasa kwenye ndoano. Treni ya plastiki ina pete upande mmoja na kulabu upande mwingine. Unanyanyua, unaangusha, imekwisha. Mtoto haumii.

Zamani, kwenye treni kubwa za Amerika, mambo yalikaribia hayo, lakini kwa chuma cha tani nyingi. Kila vagoni ilikuwa na mdomo wa chuma mbele na nyuma. Ndani ya mdomo uliingizwa mnyororo wa pete moja ndefu, kisha msumari mnene ukaangushwa juu kuushika. Mfanyakazi alisimama kati ya vagoni mbili, moja ikimjia polepole, yeye akishika pete kwa mkono ili iingie vizuri, kisha atoe mkono haraka. Kama alichelewa nusu ya pumzi, vidole vilibaki. Mutu aliyepungukiwa na vidole viwili vitatu alijulikana mara moja: huyu ni mzee wa reli.

Aliyebadilisha mambo hayo hakuwa injinia. Eli Janney alikuwa karani wa duka kule Virginia. Alitazama mkono wake mwenyewe, vidole vimekunjwa, vikishikana na vidole vya mkono mwingine, na akachonga mfano wa mti kwa kisu. Mwaka wa 1873 akapata hati ya uvumbuzi. Kiungio chake ni kama mkono wa chuma: vagoni mbili zikigongana polepole, kidole kinajifunga na komeo linaanguka lenyewe. Hakuna mutu wa kusimama katikati. Kufungua, unavuta fimbo ukiwa pembeni.

Jaribu na jirani yako sasa hivi. Kunja vidole vinne vya mkono wa kuume, yeye akunje vya kuume vyake, mshikane, kisha mvute. Havitoki. Ndiyo siri yote.

Kazi kubwa ilikuwa kuwalazimisha wenye reli wanunue. Miaka 20 ilipita, watu wakiendelea kukatwa mikono, mpaka tarehe 2 Machi 1893 Rais Harrison alipotia sahihi sheria inayodai viungio vya kujifunga vyenyewe kwenye vagoni za Marekani. Afrika ya Kusini, ambayo reli yake ni mama ya reli ya Katanga, ilianza kubadilisha viungio vyake vya pete na msumari karibu mwaka wa 1927. Kiungio cha mkono uliokunjwa ni kile cha Janney, na leo kiko kwenye reli nyingi za dunia.

Mchimbaji aliyefanya kazi kwenye mgodi wa kampuni, ndani ya handaki, atatambua ile pete na msumari. Vigari vingi vya kubeba mawe chini ya udongo bado vinaunganishwa kwa mkono. Mfundishe kijana: hakuna kuingia katikati wakati kigari kinatembea, hata kidogo, hata kama kapita anapiga kelele.

Kwa treni ndogo historia ilijirudia. Treni nyingi za duka za Marekani zilikuja na ndoano ya plastiki isiyofanana na kitu. Ndugu wawili wa Oregon, Keith na Dale Edwards, wakatengeneza kiungio kidogo cha chuma chenye umbo la mkono wa Janney. Waliita kampuni yao Kadee, kutokana na herufi za kwanza za majina yao mawili. Chini ya kila kiungio wakaweka waya mdogo uliopinda, unaofanana na mupira wa hewa wa breki. Sumaku iliyofichwa chini ya reli inauvuta huo waya, na vagoni zinaachana bila kidole kuzigusa.

Tufanye sasa

Hakuna haja ya kuagiza kitu Marekani. Vitu vyote vya hapa chini viko sokoni ao kwa fundi wa baiskeli.

Kwanza, pima reli yako, kati ya nyuso za ndani. Kama ni milimita 16,5, una bahati: reli hiyo moja inaweza kuwa reli zote tatu za ziwa letu. Gawanya 1067 kwa 16,5, unapata 64 na nusu na kidogo: ni Kalemie. Gawanya 1000, unapata 60 na nusu na kidogo: ni Kigoma. Gawanya 1435, unapata 87: ni Dodoma. Mutu wa mita 1,70 aliyesimama kando ya vagoni atakuwa na milimita 27 Kalemie, 28 Kigoma, na chini ya 20 Dodoma. Kama reli yako ina upana mwingine, fanya hesabu ileile. Mtoto wa sekondari ataifanya. Ukikosa reli, chukua waya mnene wa milimita 3, unyooshe, upigilie juu ya ubao. Sisi hapa tunafuata Kalemie, 1 kwa 64.

Pili, magurudumu. Chukua rondela za chuma zenye upana wa milimita 12: hizo zitakanyaga reli. Ukingo unakatwa kwenye bati la mkebe wa maziwa, duara la milimita 14. Ziba tundu la rondela kwa kijiti cha mti mgumu, toboa katikati kabisa, gundisha duara la bati upande mmoja. Mhimili ni kipande cha spoku ya baiskeli. Gundisha magurudumu mawili juu yake, ukingo upande wa ndani, na uhakikishe kati ya kingo mbili, mgongo kwa mgongo, kuna milimita 15 na nusu. Kata kijiti cha milimita 15 na nusu kiwe kipimo chako cha kila mara. Magurudumu na mhimili vizunguke pamoja; mhimili uzunguke ndani ya matundu ya vagoni.

Tatu, uzito. Vagoni nyepesi inaruka reli. Chama cha watengeneza treni ndogo cha Marekani, NMRA, kilichoanza mwaka wa 1935, kina kanuni kwa treni za reli ya 16,5: gramu 28, halafu ongeza gramu 14 kwa kila sentimita 2,5 za urefu. Vagoni ya sentimita 15 inataka gramu 112. Mwenye mizani ya dhahabu nyumbani atasoma tola tisa na nusu na kidogo. Tumia nati na misumari, chini kabisa ya vagoni, katikati. Usitumie risasi ya batri ya gari. Ni sumu kwa mtoto.

Ine, ndoano. Chonga kwenye mti mgumu ao kwenye kandambili ngumu ya zamani umbo la mkono wa kuume uliokunja vidole. Pua yake iwe na mteremko, ili mbili zikikutana zitelezeshane pembeni kisha zishikane. Ikaze chini ya vagoni kwa skurubu moja isiyobana, na elastiki ndogo ya kuirudisha katikati. Kwenye treni kubwa za Marekani katikati ya kiungio ni sentimita 87 na nusu juu ya reli; kwetu juu ya meza ni karibu milimita 13 na nusu. Kata kipande cha karatoni kwa urefu huo na upime vagoni zote. Ndoano nzuri kwa urefu mbaya itaachia kwenye kona ya kwanza.

Rondela na skurubu ni vidogo. Watoto wadogo wanaoweka kila kitu mdomoni wakae mbali.

Tano, na hili ni la maana kuliko yote: tengeneza kipande cha pili cha reli, kifupi, chenye upana wa milimita 15 na nusu. Hiyo ni Kigoma kwa kipimo chetu. Sukuma vagoni yako kutoka Kalemie. Itafika mwisho, ukingo utapanda juu ya chuma, vagoni itaegemea na kuanguka. Mpe mtoto magunia kumi ya kitambaa yenye mchele kidogo. Ayashushe moja moja, ayapange, ayapakie kwenye vagoni nyingine. Mwambie ahesabu mara ngapi mkono wake ulinyanyua. Atakuwa ameelewa kitu ambacho wakubwa wengi wanakisikia kwenye redio bila kukielewa.

Swali la kuuliza

Reli ya 1435 inakuja kuelekea ziwa, upande wa Kigoma na upande wa Burundi. Kalemie iko na 1067. Reli ya zamani ya Kigoma iko na 1000. Tanzania inajua tayari maana ya kukutana hivyo: kule Kidatu, reli ya TAZARA yenye 1067 inakutana na reli ya mita moja, na mizigo inahamishwa kutoka vagoni moja kwenda nyingine.

Hatusemi reli mpya ni mbaya. Reli yoyote ni afazali kuliko barabara ya matope. Tunasema kwamba siku wakubwa watakapokuja Uvira, Baraka ao Kalemie kutuhubiria kuhusu reli na bandari, kuuliza urefu wa kilomita na wingi wa mamilioni hakutoshi. Tuulize: upana gani? Kiungio gani? Mzigo utashuka wapi, mara ngapi, na nani atalipwa kuunyanyua? Kwa mwenye shimo, jibu la maswali hayo linaingia ndani ya bei ya kila kilo. Kwa kijana wa Kalundu, linaamua kama kesho mabega yake yatakuwa na kazi, ao mashine itaichukua. Wote wawili wana haki ya kujua mbele ya chuma kukazwa, juu nyuma yake ni vigumu kubadilisha. Wabelgiji walipotaka kubadilisha milimita 67, iliwabidi waguse njia ya kilomita 700.

Mtoto aliyegundisha rondela kwenye spoku, akaona vagoni yake ikianguka juu ya milimita moja, ataweza kuuliza swali hilo vizuri kuliko sisi.